Mvua imebadilika: wazee wanasema hivi, vijana wanasema vile



Kila mwaka, mwezi wa 8 ukikaribia kuisha, mazungumzo ni yale yale katika vijiji vya Kabare, Walungu na Kalehe: tutapanda lini? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Musimu A ulianza katikati ya mwezi wa 9, musimu B katikati ya mwezi wa 2, na kila mutu alijua siku zake. Leo muzee anasema tungoje. Kijana anasema simu imeonyesha mvua ya kesho. Na mama, ambaye njo mwenye kulima kwa kweli, anabaki na maharagi yake ndani ya kapu, hajui amusikilize nani. Akipanda haraka na mvua ikakatika wiki mbili, mbegu imekufa na hana ingine. Akichelewa, maua ya maharagi yanakutana na jua la mwezi wa 1.

Kwa hiyo mabishano ya wazee na vijana juu ya hali ya hewa si maneno ya kupitisha wakati kwenye kivuli. Yanagusa chungu. Ndani ya habari hii tunajaribu kueleza kila upande unaona nini, unakosa kuona nini, na kwa nini mara nyingi wanabishana juu ya mvua wakati shida yenyewe iko kwenye udongo.

Muzee anaanza na alichoona

Mutu wa miaka sabini hasemi «mabadiliko ya hali ya hewa». Anakuonyesha chemchemi ambayo mama yake alikuwa anachota maji hata wakati wa kiangazi, na leo ni majani makavu. Anakuambia baridi ya asubui ya mwezi wa 7 haiko tena ile. Anasema mvua ya zamani ilikuwa inanyesha polepole, mutu analala akiisikia, na ya leo inakuja na hasira, saa moja tu, kiisha inaondoka na udongo.

Ukimuuliza sababu, wazee wengi watasema ni desturi zilizovunjwa. Watu wamekata pori ambalo mababu walikataza kuingia na shoka, wamelima mpaka kwenye jicho la chemchemi, hakuna tena heshima. Vijana wanacheka. Lakini tuangalie vizuri: pori likiachwa juu ya chemchemi, majani yanayooza na mizizi ya miti vinafungua udongo, maji ya mvua yanaingia chini badala ya kuteremka juu juu, na chemchemi inaendelea kutoa maji miezi mingi baada ya mvua. Mwiko wa mababu ulikuwa unafanya kazi ya agronomi bila mushahara. Muzee anaweza kutoa sababu ambayo kijana wa shule haikubali, na bado akawa amesema kweli juu ya kitu chenyewe.

Kuna neno moja hata hivyo ambalo hatulikubali, na tunaomba kila koperativi ilikatae: «kuna mutu amefunga mvua». Katika jimbo letu la Kivu Kusini wamama wazee wameuawa kwa kushitakiwa uchawi. Mvua ikichelewa, au mvua ya mawe ikipiga shamba moja na kuacha lingine, hakuna mama jirani aliyeituma. Wingu la mvua ya mawe linaweza kuwa dogo, linapiga kilima kimoja tu. Njo namna linavyofanya kila mahali duniani.

Kijana anaanza na alichosikia

Kijana amesikia kwenye redio na shuleni kwamba dunia inapata joto juu ya moshi: viwanda, magari, ndege, makaa ya mawe ya Ulaya, Marekani na China. Ni kweli. Hewa ile inayotoka kwenye moshi, ambayo wataalamu wanaipima kwa sehemu katika milioni, ilikuwa karibu 280 kabla ya viwanda kuanza. Leo imepita 420. Inakaa juu kama blanketi na kuzuia joto lisitoke, na dunia imeisha kuongeza zaidi ya digrii 1. Tena Afrika nzima haifikishi hata sehemu 5 kwa 100 za moshi huo wa mafuta na viwanda. Kwa hiyo kijana anasema: «Hii shida si yetu, wenye kuileta wailipe.»

Ana haki ya kusema hivyo. Tatizo ni neno linalofuata, ambalo mara nyingi halisemwi kwa sauti: kama si sisi tuliofanya, basi hakuna kitu tunaweza kufanya. Kiisha anabeba panga, anaenda kuchoma makala.

Tueleze kidogo. Hewa yenye joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi: kila digrii 1 ikiongezeka, inaweza kubeba karibu sehemu 7 kwa 100 zaidi. Ndiyo maana mvua kubwa zinakuwa kubwa zaidi. Hapo Bukavu au Walungu hatuwezi kubadili kitu peke yetu. Lakini mvua ile inaangukia wapi? Ikiangukia mulima wenye majani, miti na mitaro, sehemu kubwa inaingia ndani ya udongo. Ikiangukia mulima ulio wazi, inateremka na kila kitu. Hewa ilichafuliwa mbali, ni kweli, lakini mulima ulivuliwa nguo hapa hapa.

Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, siku ya soko, maji na mawe viliteremka Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi wenu munaosoma habari hii mulizika watu siku zile. Baada ya hapo wataalamu wa inchi mbalimbali walijaribu kupima: sehemu gani ilitoka kwa mabadiliko ya hali ya hewa, sehemu gani kwa mambo mengine? Mwezi wa 6 wa mwaka ule walijibu kwamba hawawezi kusema, juu vipimo vya mvua katika eneo letu ni vichache mno. Tutarudi kwa jibu hilo.

Sashe, mutoni na taa

Kwenye uchafu, wazee wanajipa haki kabisa. «Sisi tulifunga unga ndani ya majani ya mugomba, tulibeba kwa kitunga. Sashe mumezileta ninyi.» Na kweli jani la mugomba likitupwa linakuwa mbolea, sashe ikitupwa inakaa miaka na miaka. Ndani ya shamba inazuia maji kushuka na muzizi wa muhogo kupita. Mbuzi akiimeza, inamufunga tumbo.

Serikali ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki kwa amri ya tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017. Kila memba anaweza kwenda sokoni leo na kuona namna amri hiyo inafuatwa.

Sashe ya kijijini haikai kijijini. Mvua inaisukuma mpaka mutoni, muto unaipeleka ziwani, na Ziwa Kivu lina mulango mumoja tu wa kutokea: muto Ruzizi, pale Bukavu. Kwenye mulango huo kuna barraji ya Ruzizi ya kwanza. Uchafu wa plastiki unakusanyika pale, unaziba, mashini zinasimama, na taa zinakatika mujini. Umeme ukikosekana, watu wa muji wanapika kwa makala, na makala inatoka kwenye milima yetu. Mashini ya kusaga unga nayo inatafuta mazutu, na bei inapanda. Kijana aliyetupa sashe ya maji njiani, na yule aliyekata muti wa makala, na mama aliyelipa zaidi kusagisha muhogo, wako kwenye kamba moja.

Lakini wazee nao wasijisafishe haraka. Nani anachoma majani kila mwezi wa 7 na wa 8? Mara nyingi ni mwenye shamba mwenyewe, kwa sababu baba yake alifanya hivyo. Moto unatoa majivu yanayopendeza macho musimu mumoja. Unaondoa pia majani ambayo yangefunika udongo, na mvua ya kwanza inabeba majivu yote mpaka bondeni. Zamani shamba lilikuwa linapumuzika miaka kadhaa, pori linarudi. Leo hakuna nafasi ya kupumuzisha. Desturi imebaki, nafasi haiko tena.

Na vijana wanaolima nyanya na shu: chupa ya dawa si chupa ya mafuta. Kuisafisha kwa maji hakutoshi. Itobolewe isitumike tena, na pompi isioshwe mutoni ambako wengine wanachota chini yako.

Udongo ni wa nani?

Hapa njo tunafika kwenye jambo lenyewe. Katika mikutano mingi tunasikia: «Vijana hawapendi kupanda miti, hawana uvumilivu.» Sisi tunaona sababu ingine. Katika Bushi, vijana wengi wanalima kwa bwasa. Munajua bwasa ni nini: unakodi shamba kwa musimu au mwaka, unalipa, unavuna, unarudisha. Mwenye bwasa haruhusiwi kupanda mugomba, kahawa wala muti, juu muti ni alama ya mwenye shamba. Ukiuacha uote, kesho utasema udongo ni wako. Mwenye kalinzi, anayeweza kupanda muti na kuuachia watoto, mara nyingi ni muzee.

Basi tumeweka mambo namna hii: mwenye ruhusa ya kupanda muti hana tena nguvu ya kuchimba shimo, na mwenye nguvu hana ruhusa. Kiisha tunashangaa milima iko wazi. Kijana wa bwasa akikamua udongo musimu mumoja bila mbolea na bila mutaro, si kwamba hajali hali ya hewa. Amepiga hesabu. Mbolea atakayoweka leo italisha mutu mwingine mwaka kesho.

Juu ya mitaro kuna historia pia. Wakati wa Wabelgiji, watu walilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mumomonyoko, na asiyechimba aliazibiwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, watu wengi waliiacha au kuifukia. Wazee wa leo walikuwa watoto au walisimuliwa na baba zao, kwa hiyo neno «mutaro» kwao lina harufu ya fimbo. Kijana hajui hilo. Anafikiri muzee ni muvivu au mukaidi. Mutaro haukuwa mubaya. Ubaya ulikuwa kulazimishwa. Tena mutaro bila majani pembeni unajaa udongo na kubomoka. Pandeni penisetumu au tripsakumu kwenye ukingo wake: mizizi inashika, na majani yanalisha mbuzi na kobayi. Mutaro unaoleta chakula cha mifugo hauhitaji polisi.

Kuhusu bwasa, koperativi inaweza kuwa shahidi. Muzee na kijana wanaandika karatasi: bwasa ya miaka mitano badala ya musimu mumoja, kijana anachimba mitaro na kupanda grevilea mipakani, udongo unabaki wa muzee, na hilo liandikwe kwanza, kwa maneno makubwa, miti ikikatwa, wanagawana kama walivyopatana. Watie sahihi mbele ya mukubwa wa kijiji na viongozi wa koperativi, na watoto wa muzee wawepo. Watoto wasipokuwepo, karatasi hiyo itapasuka siku ya kilio.

Kipimo cha mvua, kazi ya watu wawili

Turudi kwa wale wataalamu waliokosa vipimo. Mulungu na Lwiro, katika Kabare, watu wamepima mvua tangu wakati wa ukoloni. Lakini mvua ya Lwiro si mvua ya kilima chako. Muzee anakumbuka, na kumbukumbu yake ni mali, ila inashika zaidi miaka ya njaa na miaka ya shibe, ya katikati inasahaulika. Simu ya kijana nayo inasema «Bukavu», haisemi kijiji chako.

Kipimo ni kitu rahisi. Tafuteni kopo lenye ukuta ulionyooka, mudomo na kitako sawasawa. Lifungeni juu ya kijiti mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba mara mbili ya urefu wake. Kila asubui saa moja, pimeni maji kwa rula ya shule, andikeni kwenye kaye, mwageni. Milimita 1 ni litri 1 ya maji juu ya kila metre karé 1 ya shamba. Siku isiyo na mvua andikeni 0. Musiache wazi, juu baadaye hakuna atakayejua kama mvua haikunyesha au mutu hakwenda.

Kijana apime na kuandika. Muzee akae pembeni ya kaye ile na kusema alama zake: ndege gani wamefika, upepo umegeuka wapi, muti gani umechanua. Hizo nazo ziandikwe na tarehe. Baada ya misimu michache itaonekana alama gani bado inasema kweli na ipi imechoka.

Kwa kupanda, musimu huu, musifuate mvua ya kwanza. Ngojeni kopo lionyeshe milimita 20 hivi ndani ya siku mbili tatu, kiisha chimbeni shambani: unyevu ukifika shubiri moja chini, maharagi yanaweza kuingia. Gawanyeni mbegu, musiiweke yote siku moja. Na kopo liwekwe mbele ya tarehe 1 mwezi wa 9, musingoje wingu.