Je, wajua kwa nini saa ya simu hurudi nyuma Mpondwe?

Data ya simu, yaani intaneti inayosafirishwa kwa mawimbi ya redio kati ya mnara na simu, huonekana machoni pa mtumiaji kama swichi moja ya kuwasha na kuzima, ilhali kwa hakika ni mnyororo wa hatua kadhaa ambazo kila moja yaweza kukatika peke yake. Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mnyororo huo una sehemu mbili dhaifu kuliko nyingine: huko juu, kwenye miteremko ya Rwenzori kama Bwesumbu, mlima huyaziba mawimbi, na huko chini, Bwera na Mpondwe, mnara wa nchi jirani huweza kusikika vizuri kuliko ule wa nyumbani.

Hatua ya kwanza ni utambulisho. Kila laini hubeba ndani yake namba ya utambulisho yenye tarakimu zisizozidi 15, ambayo si ile namba ya kupigiwa, na tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi: 641 ni Uganda, 630 ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, 639 ni Kenya na 640 ni Tanzania. Tarakimu zinazofuata hutaja kampuni, na kwa MTN Uganda ni 10. Minara nayo hutangaza namba hizohizo bila kukoma, na simu huzilinganisha na za laini yake ili kujua kama iko kwao au ugenini. Ikiwa imeachwa ichague mtandao yenyewe, simu hutanguliza mtandao wa kwao, lakini mara mawimbi ya kwao yanapofifia, hata kwa muda mfupi tu, hutafuta mtandao wowote utakaoipokea.

Hapo Mpondwe ndipo penye mtego, kwa kuwa mpaka ni mto Lubiriha tu, na ng'ambo yake iko Kasindi, katika mkoa wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, ambako minara hurusha mawimbi yasiyojua forodha wala pasipoti. Simu iliyonaswa na mnara wa Kasindi huhesabiwa kuwa ugenini, hali ambayo mafundi huiita romingi, na data yake hukatika kwa sababu simu nyingi huja zikiwa zimefungiwa data ya ugenini, au, kama imefunguliwa, huenda ikaendelea kwa bei ya ugenini huku kifurushi kilichonunuliwa nyumbani kikikaa bila kuguswa. Dalili ya wazi ni saa: Uganda hufuata wakati ulio saa tatu mbele ya Greenwich, Kivu hufuata wakati ulio saa mbili mbele, na kwa kuwa simu nyingi hupokea majira kutoka kwa mtandao, ile iliyonaswa hurudi nyuma saa moja kamili pasipo mtu kuigusa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, kuzima uchaguzi wa kiotomatiki, na kuuchagua mtandao wa Uganda kwa mkono. Pia inafaa kuiacha data ya ugenini ikiwa imezimwa, isipokuwa kwa msafiri aliyeihitaji na kuuliza bei kabla ya kuvuka.

Bwesumbu ina shida ya namna nyingine, kwani hapo mgongo wa mlima husimama kati ya simu na mnara. Mawimbi ya megahezi 900 yana urefu wa sentimita 33 hivi na hupinda kidogo kwenye kingo za vilima, ilhali yale ya megahezi 2600, ambayo hutumika katika 4G, yana urefu wa sentimita 12 hivi na hufifia upesi zaidi nyuma ya kizuizi. Nguvu ya mawimbi husomwa katika ukurasa wa hali ya laini kwa kipimo cha desibeli-miliwati, ambacho huandikwa kwa namba hasi: anayesoma -110 hupokea nguvu ndogo mara elfu moja kuliko anayesoma -80, ijapokuwa vipimo vya 4G na vya 2G havilinganishwi moja kwa moja. Simu inayorukaruka kati ya 4G na 3G hupoteza muda na chaji, na mahali pa namna hiyo 3G iliyotulia ina manufaa kuliko 4G inayopepesuka, kwa hiyo ni busara kushusha aina ya mtandao inayopendelewa. Kinyume chake, kuilazimisha simu itumie 4G peke yake kwaweza kuzuia hata kupokea simu, kwa sababu pasipo huduma ya sauti kupitia 4G, mazungumzo hushushwa kwenye 3G au 2G.

Pale ambapo mawimbi ni mazuri na maongezi yanapita lakini data haifunguki, shaka huhamia kwenye APN, jina la lango ambalo simu hulitaja ili ipitishwe kwenda kwenye intaneti. Mtumiaji huona neno fupi tu, nao mtandao hulikamilisha kwa mkia unaotaja kampuni na nchi, kama vile mnc010.mcc641.gprs. Herufi moja iliyokosewa yatosha kulifunga lango hilo, hasa katika simu iliyonunuliwa nje ya nchi.

Uganda ina sababu nyingine ya data kukatika, nayo husahaulika. Kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha kufungwa kwa Facebook mnamo Januari 2021, viliwazoesha wengi kutumia VPN, programu inayopitisha data yote kwenye njia ya kificho. Seva yake ikilala, intaneti yote huonekana imekufa.

Kabla ya hayo yote, hali ya ndege iwashwe kwa nusu dakika na kuzimwa, ili simu ijisajili upya mnarani. Kufuta mipangilio yote ya mtandao kuwe jambo la mwisho, kwa kuwa hufuta na nywila za Wi-Fi. Na endapo majirani wote wa mtandao uleule wamekosa data kwa wakati mmoja, kosa liko upande wa mnara, na hakuna mpangilio wa simu utakaolirekebisha.