Simu Iliyopewa Zamu Ikanyamaza

Paukwa! Pakawa! Haya wanangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina simu, ina kituo cha mtandao, na ina jirani mmoja aitwaye waifai. Lakini kabla hatujafika kwao, twendeni kwanza Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki.

Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii mjini Honolulu, profesa Norman Abramson na wenzake walitaka watu walio mbali waitumie kompyuta kuu ya chuo bila kutegemea nyaya za simu. Wakatumia redio. Ujumbe wa kushuka, yaani kutoka kompyuta kuu kwenda kwa watu, haukuwa na taabu: msemaji ni mmoja, anapanga mwenyewe aanze na nani. Kazi ilikuwa kwenye ujumbe wa kupanda. Huko wasemaji ni wengi, kila mmoja yuko kwake, hamwoni mwenziwe, na masafa ni yale yale. Wawili wakituma kwa pamoja, mawimbi yanagongana na kompyuta kuu haiambulii kitu.

Abramson akaweka kanuni nyepesi: ukiwa na ujumbe, tuma. Usipojibiwa, jua umegongana. Ngoja kwa muda wa kubahatisha, halafu rudia. Kanuni ilifanya kazi, ila kwa hasara. Hesabu zake zilionyesha kwamba, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni kama asilimia 18 tu ya muda ndiyo inayobeba ujumbe unaofika salama. Uliobaki unaliwa na migongano na ukimya.

Kampuni za simu zilikwepa hasara hiyo kwa njia nyingine. Zinalipia leseni, kwa hiyo masafa yao hayaingiliwi na mtu, na humo kituo ndicho chenye kauli. Ukitaka kupakia picha, simu yako huomba kwanza. Kituo huijibu: wewe, tumia kipande hiki cha masafa, utume baada ya milisekunde 4. Simu inatii, picha inapanda, hakuna aliyegongana na mwenziwe.

Lakini yapo masafa yasiyo na mwenyewe. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano vitumie bila leseni masafa yaliyokuwa yameachiwa mashine kama oveni za maikrowevu, na baadaye nchi nyingi zikafanya vivyo hivyo. Huko ndiko waifai alikokulia, na adabu yake ni moja: sikiliza kabla ya kusema. Mtazameni kwa karibu. Akiona pamekuwa kimya, anachagua namba kwa bahati nasibu, mara nyingi kati ya 0 na 15, kisha anaihesabu kurudi nyuma. Kila hatua ni mikrosekunde 9, na sekunde moja ina mikrosekunde milioni moja! Akisikia mwingine ameanza kutuma, anasimamisha hesabu. Pakitulia, anaendelea pale pale alipoachia. Akifika sifuri, anatuma.

Sasa simu zikatamani masafa hayo ya bure, yale ya gigahezi 5. Muungano wa 3GPP, unaoandika kanuni za mitandao ya simu, uliruhusu kwanza ujumbe wa kushuka, mwaka 2016. Ule wa kupanda ulifuata mwaka 2017, na hapo ndipo simu yetu ilipokiona cha moto.

Kituo kilisikiliza, kikaona kimya, kikatoa zamu: tuma baada ya milisekunde 4. Simu ikaiandaa picha. Lakini milisekunde 4 ni mikrosekunde 4,000, na waifai humaliza hesabu ya 15 kwa mikrosekunde 135 tu! Zamu ilipowadia, simu ikatega sikio kama sheria inavyotaka, ikamkuta jirani ameshaanza kutuma. Ikanyamaza. Zamu ikapita. Kituo kikabaki kinasubiri picha isiyokuja, kikalazimika kutoa zamu upya.

Najua mtauliza: kwani simu si ilipewa ruhusa? Ilipewa. Lakini mwenye kutoa ruhusa hakuwa mwenye masafa. Na tena, kituo kilichoko darini hakisikii yote yanayosikika kule kwenye kona ilipo simu.

Wahandisi wakatafuta dawa. Ya kwanza: kituo kikishashika nafasi chenyewe, kinaigawia simu sehemu ya muda wake uliobaki, na simu hiyo inasikiliza kwa mikrosekunde 25 tu badala ya kuanza hesabu ndefu. Ya pili: zamu inatolewa mara mbili. Kwanza kituo kinasema jiandae, utatuma hivi na hivi. Baadaye kinasema sasa! Hivyo jirani hapati mwanya mrefu wa kujipenyeza.

Dawa ya tatu ni kuzitumisha simu nyingi kwa wakati mmoja. Kanuni za Ulaya zinataka mawimbi ya mtumaji yaenee kwenye asilimia 80 au zaidi ya njia, yaani ukanda wa masafa anaotumia, kwa hiyo simu haiwezi kujibanza kwenye kipembe kimoja. Basi njia ya megahezi 20 ikakatwa vipande 100, na simu moja ikapewa kila kipande cha kumi, nyingine ikapewa vinavyofuatia, kama miyaa ya rangi mbalimbali inavyopishana kwenye mkeka. Simu kumi zikaweza kutuma pamoja, kila moja imeenea upana wote, na hakuna inayomkanyaga mwenziwe.

Na waifai je? Naye hakulala. Katika kiwango chake kilichoidhinishwa mwaka 2021, ruta inaweza kuviita vifaa vyake na kuvipangia: wewe kipande hiki, wewe kile, anzeni pamoja. Simu zilijifunza kwake kusikiliza, naye akajifunza kwao kugawa zamu. Ila hata leo, ruta ikiita, huweza kukitaka kifaa kitege sikio kwanza kabla ya kujibu. Maana nayo inapanga ya nyumbani kwake tu. Kwa ruta ya nyumba ya pili haina kauli.