Kwa Nini Vidonge Peke Yake Haviponyi Jino Bovu



Katika ziara zetu sharikani, wajumbe wa kamati za diakonia wametuuliza: "Mfuko umemnunulia mgonjwa antibiotiki mara mbili, maumivu yakatulia, na sasa shavu limevimba tena. Je, dawa zilikuwa bandia?" Nao wahisani huuliza kwa nini tunahitaji vifaa vya kutibu mizizi ya meno wakati vidonge ni bei nafuu. Maswali haya yana jibu moja.

Kinga ya mwili inavyopigana

Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukitoboa hadi hapo, vijidudu vya kinywani huingia. Mwaka 1965 Kakehashi na watafiti wenzake wa Marekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye nyama hiyo. Panya waliolelewa mahali pasipo na vijidudu walianza kupona wenyewe, lakini kwa panya wa kawaida nyama hiyo ilikufa na majipu yakatokea. Ilidhihirika kwamba chanzo cha ugonjwa ni vijidudu.

Mwili hujitetea kwa kutuma chembechembe nyeupe za damu. Tatizo ni kwamba nyama hiyo imezungukwa na kuta ngumu. Ikivimba haina pa kutanukia, na hatimaye damu hukatika, nayo hufa. Tangu hapo askari wa mwili hawana njia ya kuingia ndani ya mzizi. Hujipanga nje, kwenye ncha yake, na kuzuia vijidudu visienee. Katika mapambano hayo mfupa wa taya hulika na usaha hujikusanya.

Dawa ya kumeza nayo husafirishwa na damu. Hufika kwenye ncha na kupunguza uvimbe, lakini haifiki ya kutosha ndani ya mzizi usio na damu. Vijidudu hubaki humo, na baada ya muda ugonjwa huanza upya.

Dawa ya ndani ya mzizi

Daktari wa meno hufungua jino, huondoa nyama iliyokufa na kuosha mzizi kwa dawa ya klorini iliyopimwa. Mara nyingi huweka pia haidroksaidi ya kalsiamu, dawa ya jamii ya chokaa iliyoingizwa katika tiba ya meno na Mjerumani Hermann mwaka 1920. Hukaa humo wiki moja au zaidi na kuua vijidudu vingi. Si vyote, kwa hiyo dawa haichukui nafasi ya usafishaji makini. Mwisho mzizi huzibwa. Hapo kinga ya mwili humalizia kazi, na mfupa hujijenga upya kwa miezi kadhaa. Tunasisitiza kwamba chokaa na klorini za nyumbani zisiwekwe kamwe kwenye jino.

Jino lisiloweza kuokolewa hung'olewa, na hiyo pia ni tiba kwa sababu huondoa chanzo.

Tunachoomba kwa kamati

Kwanza, mgonjwa wa jino apelekwe kwa daktari wa meno mapema, kabla ya kununuliwa vidonge. Antibiotiki zina kazi yake pale ugonjwa unapoenea au mgonjwa anapokuwa na homa, na daktari ndiye wa kuamua.

Pili, uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, au mgonjwa akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, afikishwe hospitali saa hiyo hiyo. Hali hiyo inaweza kuua.

Tatu, mfuko ukimlipia mgonjwa tiba ya mzizi, utenge pia nauli ya kurudi kumalizia. Kizibo cha muda hakidumu. Mgonjwa asiporudi, vijidudu huingia tena na fedha ya kwanza hupotea.

Kwa wahisani wetu, vifaa tunavyoviomba ni vya kumaliza ugonjwa ambao vidonge huutuliza tu. Mama anayepona na kubaki na jino lake hurudi shambani na kula pamoja na watoto wake bila maumivu.