Kwa nini si vyema kuvuta gari la otomatiki kwa kamba

GARI likikwama njiani, wengi hukimbilia kamba. Iwapo ni la gia za otomatiki, kama yalivyo mengi yaliyotumika yanayoagizwa nchini kutoka Japani, msaada huo waweza kuzua hasara kubwa kuliko hitilafu ya kwanza.

Ifahamike kuwa giaboksi ya otomatiki hulainishwa na pampu ya oili iliyomo ndani yake. Aghalabu pampu hiyo huzungushwa na injini, wala si magurudumu. Injini ikizimwa, pampu husimama. Hata hivyo, gari likivutwa, magurudumu huendelea kuzungusha vyuma vya giaboksi, ambavyo husagana bila oili ya kutosha na kupata joto kali. Kuweka gia kwenye nyutro hakuizungushi pampu.

Giaboksi ya kawaida hustahimili zaidi, kwani meno ya gia hujichovya katika oili na kuirusha kila yanapozunguka.

Hivyo basi, heri kuita lori la kulibeba gari, au kuinua magurudumu yanayoendeshwa na injini. Endapo yote manne huendeshwa, lori ndilo salama. Aidha, kitabu cha gari hueleza iwapo laweza kuvutwa, kwa kasi gani na umbali gani.