Mwani wa Zanzibar: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

"Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa huko huko tangu asili."
Uongo. Mwani wa pori ulikuwepo, watu wakiuokota na kuuuza nje. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilipigania wazo la kuulima tangu miaka ya 1970. Lakini kilimo cha biashara kilipoanza mwaka 1989, Paje na Jambiani, mbegu ilitoka Ufilipino.

"Hauna mizizi."
Kweli. Hunyonya virutubisho majini kwa mwili mzima. Ndiyo maana kipande kilichofungwa kwenye kamba, baina ya vigingi viwili, hukua bila kugusa mchanga. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, na vipande vingine hurudishwa kambani kuwa mbegu.

"Ni mali ya viwanda vya Ulaya, sisi hautufikii."
Uongo. Viwanda hutoa ndani yake karajinani, ute wa kugandisha na kushikamanisha, nao huturudia kwenye dawa ya meno na aiskrimu.

"Bahari ikipata joto, mwani hustawi."
Uongo, na hapa ndipo penye machungu. Wakulima wana aina mbili: spinosamu, na kotonii ambayo ute wake hugandisha zaidi na bei yake ni takriban maradufu. Kotonii haistahimili joto. Maji machache yakichemka kwa jua hupauka, hulainika, hukatika, hubebwa na mkondo. Katika sehemu nyingi za Unguja kotonii imekufa, wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ndogo.

Wengi wao ni wanawake. Husubiri bamvua, maji yakatoka mbali, wakaingia shambani kwa miguu. Kotonii bado huweza kukua kwenye kina kirefu, penye maji ya baridi zaidi, ila huko kunataka chombo na kujua kuogelea. Kumwambia mama ahamie huko bila kumpa mashua wala mafunzo ni kumtwika gharama ya joto asilolileta yeye.

"Kazi yenyewe ni nyepesi."
Uongo mtupu. Anayebisha abebe gunia la mwani mbichi mpaka ufukweni.

"Mwani mkavu ndicho kitu pekee wanachouza."
Uongo. Vikundi vya wanawake hutengeneza sabuni na unga wa mwani. Gunia likigeuzwa sabuni kijijini, sehemu kubwa zaidi ya thamani yake humbakia aliyeulima.