Setilaiti na Mtego: Jinsi Makazi ya Ndorobo Yanavyochorewa Ramani Bondeni Lambwe

Msafiri anayetoka Sindo, mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay, akilipa ziwa kisogo na kuelekea mashariki, haendi mbali kabla ya kufika Bonde la Lambwe. Hapo pana nyasi ndefu, migunga na vichaka vilivyofungamana. Sehemu ya bonde hilo ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita 120 za mraba, ambayo ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya swala aitwaye korongo (jina analochangia na ndege wa miguu mirefu, jambo linalowatatiza wengi wasomapo vitabu vya wanyama).

Katika vichaka hivyo anaishi pia ndorobo, ambaye wasemaji wengine humwita mbung'o. Spishi iliyotamalaki huko ni Glossina pallidipes. Mdudu huyu hueneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Malale yalipozuka Lambwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, mbinu mojawapo ya kukabiliana nayo ilikuwa ndege: mwaka 1981 zilinyunyiza dawa ya endosalfani kutoka angani. Ndorobo walipungua mno, lakini hawakwisha, na waliosalia walizaana upya. Tangu hapo swali la ramani likawa zito. Dawa na mitego havitoshi kuenea bonde zima. Sharti ijulikane ni kichaka kipi hasa kinachowahifadhi.

Je, setilaiti humwona ndorobo? La, hasha. Pikseli moja ya picha za Landsat zilizotumika Lambwe hufunika mita 30 kwa 30, ilhali urefu wa mdudu mwenyewe haufiki sentimita mbili. Kinachopimwa ni mwanga unaorudishwa na majani, udongo na maji, ukiwa umegawanywa katika mikanda ambayo mingine jicho la binadamu haliioni. Palipo na unyevu mwingi, baadhi ya mikanda ya infraredi hufifia. Naye ndorobo ni mtumwa wa unyevu na kivuli. Jike hatagi mayai kama nzi wa kawaida, bali huzaa buu mmoja kwa wakati, na buu huyo hujifukia udongoni papo hapo. Udongo ukikauka na kuungua kwa jua, kizazi hicho hupotea. Kwa hiyo picha ya angani haionyeshi mdudu. Inaonyesha nyumba anayoweza kupanga.

Mwaka 1991 David Rogers na Sarah Randolph walieleza katika jarida la Nature kwamba vifo na wingi wa ndorobo vinahusiana na vipimo vya setilaiti. Utafiti uliohusu Lambwe yenyewe ulichapishwa mwaka 1996 na Uriel Kitron na wenzake katika Journal of Animal Ecology. Walilinganisha picha ya Landsat na idadi ya ndorobo walionaswa mitegoni, wakaona kwamba mkanda wa saba, unaohusiana na unyevu wa udongo na mimea, ndio uliolingana zaidi na wingi wao.

Hata hivyo, mlinganisho huo usingewezekana bila watu wa kutembea. Mtego wa ndorobo ni kitambaa cha buluu na cheusi, na mara nyingi huwekewa chambo cha harufu: mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mtafiti huurudia, huhesabu walionaswa, hutenga madume na majike, kisha huandika mahali penyewe. Isitoshe, mitego iliyokaribiana hunasa idadi zinazofanana, hivyo mitego ishirini katika kichaka kimoja si mashahidi ishirini. Asiyezingatia hilo huishia na ramani nzuri ya kutazama ambayo haimsaidii mfugaji.

Mbinu hii haikomei nchi za joto. Huko Siberia na Alaska, ardhi iliyoganda, yaani ile isiyopanda juu ya nyuzi sifuri za Selsiasi kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, nayo imefichika chini ya majani. Setilaiti huona dalili zake tu: aina ya mimea, vidimbwi, ardhi inayodidimia. Ili kuthibitisha, mtu huchoma ardhi kwa fimbo ya chuma hadi igonge tabaka gumu, au hutoboa shimo na kuteremsha kipimajoto.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Nagana, kwa upande wake, ingali inawasumbua wafugaji wa Kenya, na vichaka havikai vilivyo: kimoja hulimwa, kingine huota upya mahali palipoachwa. Ramani iliyochorwa kwa picha ya mwaka mmoja huchakaa, na mitego hulazimika kurudishwa bondeni.