Kiongozi ni Wakili wa Mali ya Wote

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu aliumba dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya wanadamu wote. Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano walilifafanua jambo hili katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965. Kwa hiyo mafuta yaliyo chini ya bahari ya taifa si mali ya waziri anayetia sahihi leseni. Yeye ni wakili, na kila wakili atatoa hesabu. Itakuwaje basi wakili huyo akiwa pia mfanyabiashara?

Tutazame mfano wa Nigeria. Mwezi Aprili 1998, chini ya utawala wa Jenerali Sani Abacha, Waziri wa Mafuta Dan Etete alitoa kitalu cha baharini kiitwacho OPL 245 kwa Malabu, kampuni iliyosajiliwa siku chache tu kabla. Ada ya kutia sahihi ilikuwa dola za Marekani milioni 20. Malabu ililipa takribani milioni 2. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini London, katika kesi ya madai iliyoihusu Malabu, iliona kwamba Etete alikuwa na maslahi makubwa ya umiliki katika kampuni hiyo tangu mwanzo.

Wakati huo kitalu kilikuwa kimekwisha kupata wanunuzi. Mwaka 2011 kampuni za kigeni za Shell na Eni zililipa kupitia Serikali ya Nigeria jumla ya dola bilioni 1.3 hivi, na takribani bilioni 1.1 kati ya hizo zilikusudiwa Malabu. Haki inatudai tuseme pia kwamba kampuni hizo zilikana kosa lolote, na kwamba mwezi Machi 2021 mahakama ya Milano, Italia, iliwaachia huru washtakiwa wote wa shauri la rushwa, Etete akiwemo. Si kazi yetu kuwahukumu upya.

Hata hivyo, mahakama huuliza kama rushwa imethibitishwa; dhamiri huuliza mapema zaidi. Je, mtu mmoja anaweza kuwa mgawaji na mpokeaji wa mali ile ile? Bwana wetu alifundisha kwamba hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili. Aliyekabidhiwa kulinda thamani ya mali ya wananchi hunufaika kwa siri wananchi wanapolipwa kidogo. Hata kabla bahasha haijapita mkononi, uaminifu umekwisha kuvunjwa, na anayeumia ni mama anayefika zahanati isiyo na dawa.

Hatusemi kwamba mtaji wa kigeni ni dhambi, wala kwamba kiongozi asiwe na mali halali. Tunasema atangaze maslahi yake, ajiondoe katika uamuzi unaomgusa, na wamiliki halisi wa kampuni wajulikane. Nchini Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi kutamka mali zao, na sheria ya mwaka 2015 inadai uwazi katika madini, mafuta na gesi. Kwa kuwa njia ya bomba la mafuta ghafi ni kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, waamini tuna wajibu wa kuzifahamu sheria hizi na kuuliza maswali kwa heshima, bila woga na bila uzushi.

Tuanzie nyumbani. Ikiwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi parokiani ananunua saruji ya kanisa katika duka lake mwenyewe na sisi tunanyamaza, tutapata wapi ujasiri wa kumwuliza waziri? Tuwaombee viongozi wetu, nasi tuwe mawakili waaminifu katika yaliyo madogo.